Kidinga popo na chikungunya si kitu kimoja

Wadau, mwaka 2018 niko bado shule, mamangu aliamka hapa Jomvu Kuu hawezi kushika kikombe cha chai. Vidole, vifundo, magoti, vyote vyauma. Zahanati wakampa dawa ya malaria. Majirani nao: huyu asema kidinga popo, yule chikungunya, potelea mbali, si yote homa ya mbu? Chuo nishaacha, lakini hili swali halijaniacha.

Turudi Zanzibar, 1870. Daktari Mskoti, James Christie, aliona homa ya viungo imelaza mji. Wenyeji wakamwambia hii ni kidinga pepo, na wazee wakakumbuka ilishapita mwaka 1823. Wengi huamini jina letu hilo ndilo lililovuka hadi Karibi likawa dengue. Sasa hapa ndipo pananichekesha: mwaka 1971 mtafiti Donald Carey alisema ugonjwa wa Christie wafanana zaidi na chikungunya, manake viungo viliuma muda mrefu. Yaani jina letu likapewa ugonjwa mwingine!

Chikungunya yenyewe ilipata jina Newala, Tanganyika, mlipuko wa 1952. Ni neno la Kimakonde, kwa vile mgonjwa hujikunja.

Wanasayansi pia walichanganya. Virusi hivi viwili viliwekwa ukoo mmoja, Togaviridae, hadi miaka ya 1980 ndipo dengue na homa ya manjano zikapewa ukoo wao, Flaviviridae. Ukivitazama kwa nje vyafanana: vidogo, vya mviringo, vina utando na uzi mmoja wa RNA. Tofauti imo ndani. Kwenye dengue, maagizo ya kujenga gamba la kirusi yako mwanzo wa uzi. Kwenye chikungunya yako mwisho. Na kupona moja hakukukingi na nyingine.

Mbu ni yuleyule lakini, Aedes aegypti, aumaye mchana, kwa hivyo chandarua cha usiku hakimtishi. Lamu 2004, wakati wa ukame, watu waliweka maji majumbani na karibu robo tatu ya wakazi wakaambukizwa chikungunya. Ikaja Mombasa, ikaenda Komoro, Reunion, India.

Na sisi Jomvu mifereji ikikauka twajaza madramu. La mama sasa lina kifuniko. Goti lake la kushoto bado humsumbua akipanda ngazi.