Ghala na Adui Zake: Habari za Akiba ya Nafaka Mbulu na Hanang

Walioandika habari za nyanda za juu za Mbulu na Hanang wametueleza mengi juu ya kuhama kwa Wairaqw, juu ya mapambano yao na Wamaasai, juu ya boma la Wajerumani lililosimamishwa Mbulu mwanzoni mwa karne iliyopita, na juu ya mashamba ya ngano ya Basotu. Lakini juu ya mahali ambapo mkulima alilaza mavuno yake baada ya jasho la miezi mingi, na juu ya mashaka aliyoyapata usiku baada ya usiku ili mavuno hayo yamfikishe msimu mwingine, ni wachache mno waliosita kidogo wakaandika, kana kwamba nafaka ikishavunwa hujilinda yenyewe. Upungufu huo nauona ni mkubwa, kwa maana ghala ni shahidi mwaminifu wa maisha ya watu: hujengwa kwa kumhofu adui fulani, na mwenye kulitazama kwa makini humtambua adui yule hata kama amekwisha kutoweka. Katika wilaya hizi mbili adui wamebadilika mara nyingi, na ghala limebadilika pamoja nao. Panya peke yake ndiye aliyedumu, akanufaika na kila badiliko.

Tuanze na tembe. Katika Irqwar Da'aw, yaani vilima vya Kainam na Murray vilivyo juu ya Bonde la Ufa, ambavyo Wairaqw huvihesabu kuwa chimbuko lao, nyumba za kale zilichimbwa ubavuni mwa mlima hata paa la udongo, lililo bapa, likalingana na ardhi ya upande wa juu, na mtu aliyetazama kwa mbali asione ila majani na mteremko. Ujenzi huo ulitokana na hofu ya mashujaa wa Kimaasai waliokuja kuteka ng'ombe, na kwa sababu hiyo ng'ombe, mbuzi, watu na chakula vyote vililala chini ya paa moja, nyuma ya mlango mmoja mwembamba. Oscar Baumann, msafiri wa Kiaustria aliyepita nchi hiyo mwaka 1892, alifika wakati maradhi ya ng'ombe yalipokuwa yamekwisha kuangamiza makundi ya wafugaji wa jirani, na Wamaasai wengi walikuwa wakifa njaa. Mkulima wa Kiiraqw aliyekuwa na mtama na ulezi ndani ya nyumba yake ya chini kwa chini alikuwa tajiri kuliko alivyopata kuwa, na alikuwa na sababu nzuri zaidi ya kuuficha utajiri huo.

Humo ndani nafaka iliwekwa katika vihenge vya fito vilivyokandikwa kwa udongo na samadi ya ng'ombe, na masuke ya mbegu yalitundikwa juu ya meko, ambapo moshi uliyakausha na kuyafukuzia wadudu. Samadi ikikauka huziba nyufa vizuri kuliko udongo mtupu, na majivu yaliyochanganywa na maharage humzuia fukusi asipenye kati ya punje na punje. Kwa wadudu, basi, tembe lilikuwa ghala jema. Kwa panya halikuwa hivyo, nami sipendi kuwafuata wale wanaosifu kila jambo la kale kwa kuwa ni la kale tu: paa la fito na majani lililobebeshwa udongo mzito lilikuwa na mianya elfu, ukuta ulioegemea mlima uliungana na mashimo ya porini, na joto la mifugo lilimpa panya maskani ambayo baridi ya Mbulu isingemruhusu kuipata nje. Lililomwokoa mwenye nyumba ni kuwapo kwake mwenyewe. Mama wa nyumba alikifungua kihenge kila siku kwa ajili ya kusaga, akaona alama ya meno ingali mbichi, akakandika upya. Vijana walitega mitego ya jiwe bapa lililoegemezwa kijiti. Na moto haukuzimika. Panya aliiba, lakini aliiba mbele ya macho ya watu.

Ni panya gani huyo? Hapana budi kutofautisha, kwa sababu wengi husema panya kama kwamba ni mmoja. Yuko panya shamba, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis, mwenyeji wa Afrika tangu azali, anayekaa mashambani na katika majani ya kandokando, akaingia nyumbani mavuno yanapoingia. Huyu ana chuchu nyingi, hata ishirini na zaidi, na huweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo baada ya mimba ya siku 23 tu. Mvua zikianza mapema na kwa wingi, majani na mbegu huzagaa, naye huzaliana mpaka umma mzima ukataharuki. Uhusiano huo wa mvua na mafuriko ya panya ulichunguzwa kwa miaka mingi huko Morogoro, na wanachuoni wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Ubelgiji, na matokeo yake ni kwamba balaa hilo, lililodhaniwa kuwa la ghafla, huweza kutabiriwa miezi kadhaa kabla. Tena yuko panya wa dari, Rattus rattus, mgeni aliyekuja na majahazi ya Bahari ya Hindi katika karne za kale, akapanda bara pamoja na mizigo ya misafara, kisha reli, kisha malori. Mbulu haikupata reli. Lakini barabara kuu ya kaskazini ilipita Babati, na kila gunia lililopakiwa na kupakuliwa kando yake lilikuwa ni chombo cha safari kwa mgeni huyu. Yule wa kwanza huchimba chini, huyu wa pili hupanda juu, na ghala lililojengwa kwa kumzuia mmoja aghalabu humkaribisha mwenziwe.

Amani ya wakati wa ukoloni, hata kama ilikuwa amani ya mabavu, iliwatoa Wairaqw katika vilima vyao vya hifadhi, wakaenea kuelekea Karatu, Dongobesh na nyanda za Hanang. Wakati huohuo mahindi yalianza kuchukua nafasi ya mtama na ulezi. Mabadiliko haya mawili yaliligeuza ghala. Ulezi una punje ndogo na hukaa miaka mingi bila kuharibika. Mahindi ni manene, laini, na matamu kwa kila mwenye meno. Tena mavuno ya shamba kubwa hayakutosha ndani ya tembe, hivyo kihenge kikatoka nje, kikasimama uani juu ya nguzo. Mabwana shamba wakafundisha kwamba nguzo ziwe na urefu usiopungua kimo cha kiuno cha mtu mzima, kwa maana panya huruka. Na kwamba kila nguzo ivishwe kipande cha bati au debe lililokunjuliwa mfano wa mwavuli, ili panya apandaye akutane na kitu kilaini asichoweza kukishika kwa kucha. Mafundisho hayo ni sahihi hadi leo. Yalikosa kufuatwa kwa sababu nyepesi: debe lilikuwa na kazi nyingine kumi nyumbani, na watu waliegemeza kuni na majembe kwenye kihenge, wakampatia panya ngazi.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu katika makazi ya karibu karibu, na nyumba ya bati ikawa ndiyo alama ya maendeleo. Sina neno na bati; halivuji, haliungui upesi, wala halimpi panya kiota kama lifanyavyo paa la udongo. Lakini adui mwingine alikuwa njiani. Mwaka 1981 ilitambuliwa huko Urambo, Tabora, kwamba mdudu mgeni kutoka Amerika ya Kati ameingia nchini, ambaye watu walimwita dumuzi, na wengine Scania kwa jina la lori, akageuza mahindi yaliyowekwa na magunzi yake kuwa unga ndani ya miezi michache. Serikali ikawaagiza wakulima wayapukuchue mahindi mara yakaukapo, wayachanganye na dawa ya unga, wayatie katika magunia. Agizo hilo liliokoa chakula kingi sana, nami nalisifu bila kusita. Ila gunia haliwezi kukaa uani, huloa, huibwa. Likaingizwa chumbani, likapangwa juu ya jenzake kando ya kitanda, na mara nyingi hapakuwa na moto wala moshi, wala mtu wa kulifungua kila siku kama mama wa zamani alivyokifungua kihenge chake. Katika kumkimbia dumuzi, mkulima alimleta panya mpaka kwenye mto wa kulalia, na gunia la katani au la plastiki, ambalo kwa panya ni kama pazia tu, likawa ndilo ukuta wa mwisho.

Upande wa Hanang mambo yalikuwa na sura nyingine. Wabarbaig, wafugaji wa kabila la Wadatoga wanaouheshimu mlima ule mkubwa unaopita mita 3,400, hawakuwa watu wa maghala. Akiba yao ilitembea kwa miguu minne, na vibuyu vyao vya maziwa havikumtamanisha panya. Kisha, tangu mwisho wa miaka ya 1960 na katika miaka iliyofuata, NAFCO, shirika la umma la kilimo, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba saba ya ngano katika malisho yao ya Basotu, kila moja likiwa na takriban ekari elfu kumi: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, Gawal na Waret. Dhuluma ya ardhi iliyotendeka hapo ni habari ndefu iliyofika mahakamani, na inastahili makala yake yenyewe. Hapa nataja jambo moja ambalo halikuandikwa na wengi. Ngano huvunwa mara moja kwa mwaka; kombaini, mashine ya kuvunia yenye thamani ya nyumba nyingi za kijijini, hufanya kazi wiki chache, kisha hulazwa bandani pamoja na matela na mashine za kupandia miezi yote iliyobaki. Mashine iliyolazwa ni nyumba isiyo na mwenyewe. Ndani yake mmebaki punje pembeni mwa mikanda na katika matumbo ya chuma, mna giza, mna vitambaa na sponji ya kiti kwa ajili ya kiota, na mna nyaya ambazo panya huzitafuna kwa kuwa meno yake hayaachi kukua. Fundi mwenye kuijua kazi yake huipuliza mashine mpaka punje ya mwisho itoke, huacha milango yake wazi ili mwanga uingie, huziba matundu kwa wavu wa chuma hata yale yasiyopita kidole kidogo, hufyeka majani kulizunguka banda, na hurudi kuichungulia kila baada ya siku chache ijapokuwa haina kazi. Ukilitazama vizuri, hili la mwisho ndilo alilolifanya yule mama wa Kainam.

Hasara ya chakula na ya nyaya huhesabika kwa shilingi. Tauni, ambayo nayo huletwa na panya, haihesabiki hivyo. Ugonjwa huu una historia ndefu nchini kwetu: habari zake zilianza kuandikwa mwaka 1886 katika nchi ya Iringa, mwishoni mwa karne hiyo Robert Koch alithibitisha kuwapo kwake Kiziba, ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Victoria, na kuanzia mwaka 1980 uliitesa Lushoto kwa zaidi ya miongo miwili. Mwaka 2007 ulizuka Mbulu, miaka mitano tu baada ya Mkoa wa Manyara kuundwa, na wataalamu wa Sokoine walikwenda kutega panya majumbani, mashambani na misituni ili kujua ni wanyama gani wanaouhifadhi ugonjwa kati ya mlipuko na mlipuko. Panya shamba ndiye daraja: huupokea ugonjwa porini kutoka kwa panya wengine, akauleta nyumbani afuatapo mahindi, na viroboto wake wakamrukia mtu aliyelala chini, kwenye ngozi au mkeka, kando ya magunia.

Hapa ndipo mazoea ya kila siku yanapoweza kuua. Mwenye nyumba aonapo panya wamezidi hununua sumu, akaitawanya, akafurahi kuona mizoga asubuhi. Lakini kiroboto hafi pamoja na mwenyeji wake. Mzoga ukipoa huuacha, akatafuta damu nyingine yenye joto, na damu iliyo karibu ni ya mtoto. Kwa ajili hiyo, mahali penye tauni, waganga wa afya hupulizia kwanza dawa ya viroboto sakafuni, katika nyufa na katika mashimo ya panya, na baada ya hapo ndipo watu huruhusiwa kuwaua panya wenyewe. Na mizoga hufukiwa au kuchomwa bila kushikwa kwa mkono mtupu. Katika vijiji ambako panya wameonekana wakifa wenyewe bila sumu wala mtego, habari hiyo yapasa ifike zahanati siku ileile, kabla mtu yeyote hajaugua homa wala kuvimba mitoki ya kinena na makwapa, kwa maana tauni ikiwahiwa siku za mwanzo hutibika kwa dawa za kawaida, na ikicheleweshwa huua kwa siku chache. Vihenge vya bati vilivyochomelewa, ambavyo sasa vimeanza kuonekana katika baadhi ya nyumba za wakulima, humfungia panya mlango wa chakula kwa yakini kuliko chombo chochote kilichotangulia. Bei yake ingali nzito kwa mkulima wa ekari mbili, na hapo ndipo halmashauri za Mbulu na Hanang zingepaswa kuanza, kwa kukopesha vihenge hivyo kwanza katika kata zilizoguswa na ugonjwa, ambako magunia bado yamepangwa kando ya vitanda.