Walijua Tangu 1924

Juzi jioni nilikaa kwa jam ya Jogoo Road karibu saa nzima. Mbele ya matatu yetu kulikuwa na lori linatema moshi mweusi, na mama aliyeketi kando yangu alikuwa amemfunika mtoto wake pua kwa leso. Mtoto anakohoa tu. Konda akacheka: "Mathe, zoea, hii ni Nairobi."

Hilo neno "zoea" halijanitoka kichwani. Moshi wa barabarani una historia yake, na wako waliotangulia kuambiwa wazoee.

Twende Marekani kidogo. Mwaka 1921 mhandisi Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba ukitia risasi kwenye petroli, injini inaacha kugongagonga. Sisemi risasi ya bunduki, nasema madini yenyewe. Ethanoli pia ingefanya hiyo kazi, lakini ethanoli yeyote anaweza kutengeneza, huwezi kusema ni yako. Pesa ilikuwa kwa risasi. Basi wakaiuza kwa jina tamu, "Ethyl", na risasi haikutajwa kwa hilo jina.

Kwani hawakujua ni sumu? Walijua vizuri sana. Oktoba 1924, kwenye kiwanda kimoja New Jersey, wafanyakazi 5 walikufa baada ya kuvuta mvuke wake. Wengine walirukwa na akili. Mwezi huohuo Midgley akaita waandishi wa habari, akanawa mikono na hiyo dawa mbele yao na kuinusa, ati waone haina shida. Na mwaka uliotangulia yeye mwenyewe alikuwa amelazimika kupumzika wiki kadhaa kwa sababu risasi ilikuwa imemuumiza!

Mwaka 1926 kamati ya wataalamu ikasema hakuna sababu ya kutosha ya kuipiga marufuku. Dunia nzima ikajaza tangi.

Risasi ikiingia kwa damu ya mtoto, inaharibu ubongo ambao bado unakua. Mtoto anashindwa kutulia, anashindwa kushika masomo, na mwalimu anamwita mjinga. Kwa mtu mzima inapandisha presha na kuumiza moyo na figo. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Sisi Kenya tuliendelea nayo hadi mwisho wa 2005. Mimi nilizaliwa 1999, mtaa ulio kando ya barabara kubwa. Hesabu mwenyewe nimeivuta miaka mingapi. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, Julai 2021. Na kampeni ya kuimaliza iliongozwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako hapa kwetu Gigiri. Karibu miaka 100 tangu wale wafanyakazi wa New Jersey wafe.

Sasa rudi kwa lile lori. Risasi imeenda, lakini moshi wa dizeli una chembe ndogo sana zinazopita mapafu na kuingia kwa damu. Zinachochea pumu, zinaleta magonjwa ya moyo na kiharusi. Mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilipunguza salfa kwenye dizeli, na hiyo ilikuwa hatua nzuri. Lakini dizeli safi ndani ya injini iliyochoka bado ni moshi. Ndiyo maana mimi nataka magari yapimwe moshi kwa ukweli, si mtu kupewa karatasi na kuachiliwa aende.

Najua mtasema mwenye lori pia anatafuta unga. Ni kweli. Lakini yule mtoto wa leso hajauliza lori lipite hapo, na mapafu yake hayana spea.

Midgley aliwaambia watu hakuna shida, na wakazoea. Wewe je, njia unayopitia kila siku iko vipi? Niambie hapa chini.