Orodha

Orodha, neno tulitumialo kwa bidhaa za duka na majina ya hadhirina, hudai kila kitu kipewe nafasi: cha kwanza, cha pili, hata bila ukomo. Namba za kuhesabia zakidhi sharti hilo. Lakini mnamo 1891 Georg Cantor, mwanahisabati wa Halle, Ujerumani, alitwaa mifuatano isiyo na mwisho ya herufi mbili, m na w, akabainisha kuwa haiorodhesheki. Katika orodha yoyote idaiwayo kuwa kamili, geuza herufi ya kwanza ya mfuatano wa kwanza, ya pili ya wa pili, na kadhalika; utapata mfuatano uliohitilafiana na kila mmoja. Kuuongeza (hila ya wavivu) hakufai, kwani orodha mpya itashindwa vilevile. Waandishi wasiyachanganye “isiyo na mwisho” na “isiyoorodhesheka”.