Sisi na Mexico, Wapi na Wapi?



Kila nyumba ina futari yake. Kwetu sisi ni uji, mbaazi za nazi, kaimati, na sambusa kama mfuko unaruhusu. Ramadhan iliyopita dada yangu mdogo akaamua kutia jambo jipya: supu ya mboga ya Kimexico, ile ya kusagwa, nyekundu, yenye pilipili. Nyanya yetu alikuwa ameketi kwenye mbuzi akikuna nazi. Akauliza, "Supu ya wapi hiyo?"

"Ya Mexico, nyanya."

"Sisi na Mexico, wapi na wapi?"

Sote tukacheka, na hapo ndipo tulipokosea. Dada alifunika sufuria yake, na jioni ile supu haikuletwa mkekani. Swali la nyanya lilinikaa kichwani. Ni kweli hatuna uhusiano na Mexico? Nikaanza kusoma. Niliyoyapata ndiyo haya, na natumai baada ya kuyasoma hutaiangalia tungule (nyanya, kama wanavyosema wenzetu wa bara) kwa jicho lile lile.

Sokoni Tlatelolco

Tuanzie mwaka 1519. Mwaka huo Mhispania Hernán Cortés alitua Mexico, akafika katika mji mkuu wa Waazteki, Tenochtitlan, uliojengwa juu ya ziwa. Karibu yake palikuwa na soko la Tlatelolco. Cortés mwenyewe alimwandikia mfalme wake kuwa watu zaidi ya 60,000 walikutana hapo kila siku kuuza na kununua.

Waliuza nini? Baadaye kidogo padri Bernardino de Sahagún, aliyefika Mexico mwaka 1529, alikaa na vijana wenyeji wakaandika habari za watu wao katika vitabu 12. Humo wametajwa wauza tungule, wauza pilipili za kila aina, na wauza mchuzi uliokwisha kupikwa. Yaani mama ntilie walikuwepo zamani sana!

Lugha yao ni Kinahuatl, na bado inazungumzwa mpaka leo. Sehemu kubwa ya dunia inatumia maneno yao bila kujua. "Tomato" ya Kiingereza imetoka kwa tomatl. "Avokado" imetoka kwa ahuacatl. "Chili" ni chilli yao wenyewe, na chokoleti pia ina asili huko huko.

Je, walisaga kwa nini? Hawakuwa na umeme. Walikuwa na jiwe bapa la kusagia mahindi, linaloitwa metate, na kinu kidogo cha jiwe chenye miguu mitatu, kinachoitwa molcajete. Mwanamke alichoma tungule na pilipili juu ya kigae cha moto mpaka ngozi ikaungua madoadoa, akaziponda kinuni, ukawa mchuzi. Basi supu ya kusagwa haikuanza na blenda. Blenda ni ya juzi tu: Stephen Poplawski alipewa hataza yake Marekani katika miaka ya 1920. Kinu kilitangulia kwa maelfu ya miaka.

Mwaka 1520 ndui iliyoletwa na wageni iliua watu wengi mno, na tarehe 13 Agosti 1521 mji ukaanguka. Mahekalu yalibomolewa na vitabu vikachomwa. Lakini wanawake waliobaki waliendelea kusaga. Mambo mengi yalipotea, upishi ukabaki. Hii ni ibra kwetu sisi tunaodhani kuwa mapishi ya mama zetu ni jambo dogo.

Andalus ndani ya sufuria

Hapa ndipo mambo yanapotuhusu zaidi. Ukichungulia sufuria ya supu hiyo leo utakuta vitu ambavyo Waazteki hawakuwa navyo: kitunguu, kitunguu thomu, karoti, dania, jira na ndimu. Vimetoka wapi? Vimekuja na Wahispania.

Na Wahispania je? Ndugu msomaji, Waislamu walikaa Andalus karibu miaka 800, tangu 711 mpaka Granada ilipotolewa tarehe 2 Januari 1492. Waliendeleza kilimo cha umwagiliaji, mashamba ya mpunga, miwa na machungwa. Ukitaka ushahidi usiende mbali, sikiliza Kihispania chenyewe. Mafuta ni aceite, kutokana na az-zayt. Sukari ni azúcar. Mchele ni arroz. Hata karoti, zanahoria, ni neno lililopitia Kiarabu. Na Mmexico akitamani jambo liwe, husema ojalá, neno lililotokana na Kiarabu lenye maana ya "lau Mwenyezi Mungu angependa". Wanalisema kila siku, na wengi wao hawajui asili yake.

Mwaka ule ule wa 1492, miezi saba tu baada ya Granada, Columbus aling'oa nanga. Waislamu wa Granada walikuwa wameahidiwa uhuru wa dini yao. Ahadi haikutimizwa, mwaka 1502 Waislamu wa utawala wa Castile walilazimishwa kubatizwa au kuhama, na kati ya 1609 na 1614 hata wale waliobatizwa walifukuzwa. Watu walifukuzwa, lakini chakula chao kilibaki mezani kwa wale wale waliowafukuza, kikavuka bahari mpaka Mexico. Kwa hivyo mtu akikuuliza Waislamu wana nini na supu ya Mexico, mwambie: karoti na mafuta yake bado yanaitwa kwa majina yetu.

Pilipili kufika kwetu

Columbus alikuwa akitafuta njia ya kwenda India, kwenye pilipili manga iliyokuwa na bei kubwa Ulaya. India hakuiona. Badala yake alikuta kitu chekundu kikali, na Wahispania, kwa kuwa pilipili manga huiita pimienta, hicho kipya wakakiita pimiento.

Sisi nasi tulifanya vivyo hivyo. Neno "pilipili" ni la kale, lina undugu na filfil ya Kiarabu, na asili yake India. Hii nyekundu ilipofika tukaipa jina lile lile, na ile nyeusi ikabidi iongezewe "manga", yaani ya Uarabuni.

Aliyeileta ni nani? Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi Aprili 1498. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Fort Jesus, wakaishikilia mpaka Waomani walipoitwaa mwaka 1698. Wareno hawakuja kwa wema, na wazee wetu walipigana nao. Lakini merikebu zao, zilizozunguka Brazil, Afrika na Goa, ndizo zilizosambaza mazao ya Amerika: pilipili, mahindi, mhogo na nanasi. Tazama basi: mahindi yalianza kulimwa kusini mwa Mexico kiasi cha miaka 9,000 iliyopita, lakini jina tulilolipa, "muhindi", linaelekeza India! Ugali tunaouita chakula chetu cha asili ni mgeni kutoka huko huko Mexico. Na mhogo wa nazi na pilipili, futari ya Mswahili hasa? Mhogo na pilipili zote zimevuka bahari.

Walichukua punje, wakaacha elimu

Kuna kisa kimoja ambacho kila kijana anapaswa kukijua. Wamexico huchemsha mahindi makavu kwa maji yenye chokaa kabla ya kuyasaga. Wahispania walichukua mahindi wakaacha chokaa. Walidhani ni ushamba tu. Matokeo yake, maskini wa Ulaya waliokula mahindi matupu walianza kuugua ugonjwa wa ngozi kubabuka, kuharisha na kuchanganyikiwa akili. Daktari Gaspar Casal aliueleza Uhispania mwaka 1735, na baadaye Italia ukaitwa pelagra. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliua maelfu kusini mwa Marekani. Kuanzia 1914 Dkt. Joseph Goldberger alionyesha kuwa si ugonjwa wa kuambukiza bali ni upungufu wa lishe, na mwaka 1937 ikajulikana kuwa kinachokosekana ni vitamini iitwayo niasini. Ile chokaa ndiyo inayoifungua niasini iliyomo ndani ya mahindi ili mwili uipate.

Wanawake wasiojua kusoma walikuwa na dawa mikononi mwao muda wote huo. Hakuna aliyewauliza. Ndiyo maana nasema, ukichukua chakula cha watu chukua na elimu yake, na umtaje mwenyewe. Sisi huku tunaokolewa na maharagwe, samaki na mboga tunazolia ugali, usizidharau.

Sasa tuingie jikoni

Kwa watu 6, tayarisha tungule mbivu 8, kitunguu maji 1, thomu chembe 4, karoti 2, pilipili hoho 1, pilipili kali 1, mahindi yaliyochemshwa kikombe 1, mafuta vijiko 2 vya kulia, jira nusu kijiko cha chai, maji au supu ya kuku vikombe 5, chumvi, ndimu, dania na avokado 1.

Weka kikaango kikavu motoni, bila mafuta. Choma tungule, kitunguu, hoho, pilipili na thomu (usiimenye kwanza) mpaka zipate madoa meusi. Usiruke hatua hii, ndiyo inayoleta ladha ya Kimexico. Karoti zichemshe mpaka zilainike. Vikipoa, menya thomu, kisha usage vyote pamoja na nusu ya mahindi, ambayo huipa supu uzito. Usisage vitu vya moto kwenye blenda iliyofungwa: mvuke hurusha kifuniko, na uso wako ndio utakaolipa. Kama huna blenda, kinu kipo.

Tia mafuta kwenye sufuria, yakipata moto weka jira, halafu mimina ule mchanganyiko na ukaange dakika 8 hivi, ukikoroga, mpaka ugeuke rangi na kuwa mzito. Tia maji au supu, chumvi na mahindi yaliyobaki, uache ichemke polepole dakika 20. Wakati wa kupakua weka vipande vya avokado, dania na ndimu. Wamexico huweka vipande vya chapati zao za mahindi zilizokaangwa.

Tahadhari ndogo: tumbo limekaa tupu kutwa, kwa hivyo anza na tende na maji, pilipili baadaye. Mwenye vidonda vya tumbo aiweke kando. Ikikuwasha sana kunywa maziwa, si maji. Ule ukali hauyeyuki katika maji.

Nyanya aliamuaje?

Mwaka huu dada ameipika tena. Safari hii sikucheka, nilikaa karibu na nyanya nikamhadithia yote haya, kuanzia Granada mpaka Fort Jesus. Alisikiliza kimya. Nilipofika kwenye kinu cha jiwe akanikatiza: "Sasa kama wenyewe walitwanga, huyu mashine ya nini?" Akaagiza kinu chake, akaponda thomu na pilipili kwa mkono wake.

Magharibi ilipoingia, baada ya tende, alionja kijiko kimoja. Akaonja cha pili. Kisha akamwambia dada, "Mwanangu, mwaka jana ungenipa mimi ile supu. Ila hii imepungua ndimu."

Dada alikwenda kuleta ndimu akitabasamu. Na sufuria, ndugu msomaji, haikubaki kitu.

Wabillahi tawfiq.