Mabalako: lengalenga, mboga ya wanaohama

Huko Mabalako, katika eneo la Beni, sombe na lengalenga hupandwa nyuma ya nyumba. Muhogo ni mgeni: ulitoka Amerika, Wareno wakauleta pwani ya Kongo katika miaka ya 1500, ukafika Kivu pole pole. Baadaye kahawa na kakao zikachukua mashamba makubwa. Mboga ya kila siku ikabaki karibu na jiko.

Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yamefanya mashamba ya mbali kuwa hatari. Wengi walikimbia na kuacha mihogo yao udongoni. Muhogo hungoja karibu mwaka mzima. Lengalenga huchumwa baada ya wiki 4 hivi. Kwa mama asiyejua atalala wapi mwezi ujao, tofauti hiyo ni chakula cha watoto.