Saffron Karlsen

Mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, anayechunguza namna asili ya mtu, ubaguzi wa rangi na utambulisho vinavyohusiana na afya. Makala zake zinazojulikana zaidi, alizoandika na James Nazroo na kuchapishwa 2002, zilitumia takwimu za utafiti mkubwa wa jamii za wachache uliofanyika England na Wales mwaka 1993–94. Miongoni mwa waliohojiwa walikuwamo Wakaribi, Wapakistani, Wabangladeshi na hata Wahindi waliohamia kutoka Afrika Mashariki.

Wengi walikuwa wakieleza maradhi ya jamii hizo kwa mila au damu. Karlsen na Nazroo walionyesha vingine: waliotukanwa au kushambuliwa kwa sababu ya rangi yao walielekea zaidi kuwa na afya mbaya, hata tofauti za kipato na kazi zilipozingatiwa. Jinsi mtu alivyojitambulisha, kwa mavazi, lugha au dini, haikuwa na uzito huo. Hoja hiyo inawasumbua wanaopenda kuulaumu utamaduni wa mgonjwa. Baadaye Karlsen alitafiti familia za Kisomali mjini Bristol, zilizojiona zinashukiwa na walimu na wahudumu wa afya katika kampeni dhidi ya ukeketaji.