Otomatiki iliyovuka Safari, na mlima wa Mushaki

Kwenye mpando wa kutoka Sake kwenda Mushaki, wakaaji wa Masisi wanaijua picha hii: gari dogo lililojaa magodoro, mabidoni na watoto limesimama kando ya barabara. Injini inaunguruma, lakini magurudumu hayaendi. Watu wanapita na kusema, "Ni otomatiki, haiwezi mlima." Kwa familia inayokimbia risasi, au inayorudi Kingi kuangalia kama nyumba bado imesimama, kukwama hapo ni kubeba watoto mgongoni na kuacha mali nyuma.

Lakini maneno hayo yana ukweli nusu tu. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalijulikana kwa kuvunja magari. Pasaka ya mwaka 1979, kampuni ya Mercedes-Benz ilileta Kenya gari zito la 450 SLC 5.0, lenye injini ya silinda 8 na giaboksi ya otomatiki ya gia 3. Halikuwa na pedali ya klachi kabisa. Hannu Mikkola wa Finland alimaliza wa pili, nyuma ya Mkenya Shekhar Mehta aliyeendesha Datsun. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo, kwenye mashindano ya Bandama huko Côte d'Ivoire, mwendo wa zaidi ya kilomita 5,000, Mercedes za aina hiyo zilichukua nafasi 4 za kwanza: Mikkola, Björn Waldegård, Andrew Cowan, na Vic Preston mdogo wa Kenya. Mwaka 1980 Preston akawa wa tatu kwenye Safari.

Basi otomatiki inaweza mlima na matope. Inachoshindwa nacho ni joto.

Kati ya injini na gia za otomatiki kuna chombo cha duara kilichojaa mafuta. Injini inazungusha mapanga ya upande mmoja, mapanga yanasukuma mafuta, nayo mafuta yanazungusha mapanga ya upande wa pili. Hakuna chuma kinachoshika chuma, ndiyo maana mishtuko ya mashimo haivunji gia upesi. Ila injini ikizunguka sana huku gari likitambaa, nguvu inayopotea kati ya pande hizo mbili inageuka kuwa joto ndani ya mafuta. Mafuta hayo hupita kwenye kijibomba hadi rejeta, yanapozwa, yanarudi. Gari la mashindano hukimbia, na upepo unapiga rejeta. Gari la Sake limebeba watu 9, linapanda polepole, na rejeta yake imezibwa na matope na majani.

Mafuta yakipita kama nyuzi 120, yanaanza kuharibika haraka. Yanakuwa meusi na kunuka kama kitu kilichoungua. Mipira inayozuia mafuta inakauka, sahani za ndani zinateleza na kuungua. Hapo ndipo injini inaunguruma bila gari kusogea. Fundi akichomoa kijiti cha kupimia na kunusa, anajua kabla ya kufungua kitu. (Wengine huongeza mafuta ya injini badala ya mafuta ya giaboksi, wakamaliza kabisa kilichobaki.)

Magari mengi ya aina hii yanafika Goma yakiwa yametumika Japani, kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na ni nadra kuja na historia ya mafuta yake. Madereva waliozoea mpando huo hawaachi lever kwenye D. Wanaweka 2 au L mapema, ili injini na magurudumu yaende pamoja zaidi na mafuta yateleze kidogo. Foleni ikisimama mlimani, wanashika breki. Hawalizuii gari kwa kukanyaga mafuta. Likinasa kwenye tope, wanashusha watu wasukume, maana kuzungusha tairi mahali pamoja kunachemsha giaboksi kwa dakika chache.

Na wakifika juu Mushaki hawazimi injini hapo hapo. Wanaweka P na kuiacha iunguruma taratibu, kwa sababu pampu inayopeleka mafuta kwenye rejeta inazungushwa na injini yenyewe. Abiria wanashuka, wananunua mahindi ya kuchoma, wanangoja.